Kidole cha Daktari Wandera

Walimsifu mikono. Kwa saa nzima nilikaa kwenye kiti cha plastiki chini ya hema la bluu, kijijini Khunyangu, Butula, jeneza likiwa limewekwa juu ya meza iliyovishwa kitambaa cheupe, nikiwasikiliza watu wazima wenye akili zao wakipokezana kipaza sauti kuisifu mikono ya Daktari Wandera. Mikono myepesi. Mikono yenye baraka. Mikono isiyobagua mtu. Katekista alisema mikono ile sasa imepumzika, na kwaya ikaitikia amina kwa sauti nne. Familia ilikuwa imechapisha fulana zenye picha yake akitabasamu, mkono wa kulia ameuinua kama anayeusalimu umati, na macho yangu hayakwenda usoni, yalikwenda moja kwa moja kwenye kidole chake cha shahada. Fulana zenyewe zilikuwa zimeanza kuchuja rangi kabla hata hatujamzika. Kijana aliyeongoza shughuli alinijia akaniambia nijiandae kusema mawili matatu kwa niaba ya wale ambao marehemu aliwafundisha kazi. Nilimwambia koo linaniuma. Koo halikuwa na neno. Nilichokuwa nacho ni dharau, na nilihofia kwamba nikishika kile kipaza sauti ingesikika hadi barabarani.

Mwaka nilioishi chini ya mikono hiyo ulikuwa mwaka wangu wa mwisho wa mafunzo ya utabibu wa meno. Wenzangu walipata nafasi katika hospitali zenye taa na maji ya bomba. Mimi nilitupwa Malaba, mpakani, kwenye kliniki ya vyumba viwili iliyotazamana na uwanja wa malori. Chumba cha mbele kilikuwa na benchi, kalenda ya duka la vifaa vya ujenzi, na meza ya Mama Rose, mwanamke mnene mwenye sauti ya kunong'ona ambaye aliandikisha wagonjwa, akapiga deki, akachemsha vyombo vya daktari na kutupikia chakula cha mchana, yote kwa jiko moja na wakati mwingine kwa sufuria ileile. Omena wake, wale dagaa wa ziwani, walitoka Sio Port. Aliwakaanga kwa nyanya na kitunguu mpaka wakakaukiana, tukawala kwa ugali wa muhogo na mtama, mweusi, mgumu, na sijala chakula kitamu kama kile tangu hapo, ingawa siku moja nilikuta ndani yake pamba ya kinywani. Chumba cha ndani kilikuwa na kiti ambacho kilikataa kuinuka, kikainuliwa kwa jeki ya lori. Kila trela lilipowashwa injini ng'ambo ya barabara, koleo za kung'olea meno zilicheza kwenye sinia. Na ukutani, ndani ya kioo, kilining'inia cheti chake, na kilikuwa cheti halali. Angekuwa tapeli ningemsamehe upesi zaidi, maana tapeli hajui anachoharibu. Huyu alisoma, akafaulu, kisha akafunga vitabu siku hiyohiyo na hakuvifungua tena.

Sifa yake kubwa, ile waliyoiimba Khunyangu, ni kwamba hakuvaa glavu. Mtu ambaye hakuishi mpakani miaka ile atashangaa hiyo ni sifa ya namna gani. Dereva wa masafa marefu alikuwa mtu wa kushukiwa kabla hajafungua kinywa. Alishukiwa na mkewe, akashukiwa na mwenye gesti, akashukiwa na muuguzi wa zahanati. Alipoketi kwenye kiti cha meno na kuona mipira inavutwa mikononi, alisikia neno moja tu: wewe una ukimwi. Wiki yangu ya kwanza, dereva mmoja alininyanyukia na kitambaa kikiwa bado kifuani. "Hiyo mipira ni ya nini, dada? Umeniona mgonjwa? Mimi nimeleta jino, sijakuja kupimwa." Wandera alitoka chumba cha mbele akitafuna, akanyoosha viganja vyake vitupu mbele ya yule dereva na turniboi wake, msaidizi wa lori, aliyekuwa mlangoni, akavigeuza huku na huku. "Keti, boss. Huyu ni mtoto wa shule, bado anaogopa. Mimi siogopi watu." Dereva akaketi, machozi yakimlengalenga, mtu mzima wa kubeba tani thelathini. Habari za daktari asiyeogopa watu zilisafiri na malori kutoka Mlolongo hadi Tororo, na kila asubuhi benchi lilijaa. Wandera alikuwa na huruma, sikatai. Ila aliitumia kama mwenye duka anavyotumia ubao wa nje, na mikono aliiosha kwenye beseni la maji ya dawa lililobadilishwa mara moja kwa siku, asubuhi, Mama Rose alipokumbuka.

"Perpetua," aliniambia, "wewe uko na makaratasi. Mimi niko na kidole." Aliamini kidole chake cha shahada kinaona kuliko macho. Alikiingiza kinywani mwa mtu, akafumba macho kama anayesali, akapapasa ufizi wote juu na chini, kisha akatoa hukumu. Hukumu zenyewe zilikuwa tatu. Kama kuna maumivu, ni jino, ling'olewe. Kama kuna cheupe au kidonda, ni fangasi, kipakwe ile dawa ya zambarau. Kama mgonjwa ni mtoto, meno yanaota. Magonjwa yote ya kinywa ambayo binadamu amewahi kuugua yalilazimishwa kuingia katika vyumba hivyo vitatu, na yasiyoenea yalisukumwa.

Mimi nami nilikuwa nimetoka chuoni nikiwa nimejaa maringo, nikijua jinsi kinywa kinavyosomwa, na bado naamini nilifundishwa vizuri. Mwalimu wetu, mama mmoja mkali, alikuwa akituambia tusiulize kwanza kidonda kinafananaje, tuulize kimekaa wapi. Vidonda vya kawaida, vile ambavyo kila mtu huvipata akichoka, hupenda nyama laini inayocheza, ndani ya shavu na ndani ya mdomo, na haviji na homa. Vile vya virusi vya herpesi hupenda nyama ngumu iliyoshikana na mfupa, yaani ufizi na kaakaa la mbele, navyo huanza kama vilengelenge vidogo vilivyosongamana, vikipasuka vinaungana. Utando mweupe ukiufuta kwa shashi ukatoka, hiyo ni fangasi. Ukikataa kutoka, na uko ubavuni mwa ulimi kama vinyweleo vilivyolala, hapo ni virusi vingine, na umwambie mgonjwa kwa upole akapimwe damu. Mtoto mwenye vidonda kinywani, alituambia, mvue soksi. Ukikuta malengelenge kwenye nyayo na viganja, huo ni ugonjwa mwingine kabisa na utapita wenyewe. Nilipomweleza Wandera habari za soksi alicheka mpaka akakohoa, na siku nzima akawa ananiita daktari wa miguu.

Kisa kilichonifungua macho ni cha dereva mmoja Mkamba, mtu mkimya, aliyekuja akishika shavu la kushoto. Wandera alipapasa, akang'oa jino la nyuma. Kesho yake dereva alirudi, maumivu yako palepale, akang'oa la pili. Yote mawili niliyaokota sinia nikayaosha: yalikuwa mazima, hayana tundu. Siku ya tatu alirudi tena, na safari hii Wandera alikuwa amevuka kwenda Tororo kununua dawa. Nilimfungua kinywa nikawasha tochi. Kaakaa lake la upande wa kushoto lilikuwa limejaa vilengelenge, na katikati kabisa vilikuwa vimekoma, kama mtu aliyepiga mstari kwa rula. Upande wa kulia ulikuwa safi. Ulikuwa mkanda wa jeshi. Dereva aliujua ule wa kiunoni, hakujua kwamba virusi vya tetekuwanga vikilala mwilini miaka vinaweza kuamka popote, hata ndani ya kinywa, na kwamba hutangulia kwa maumivu siku kadhaa kabla ya kujionyesha, maumivu yanayofanana na ya jino kama pacha. "Kwa hivyo meno yangu hayakuwa na makosa?" aliuliza. Nilimwambia hayakuwa na makosa. Alitazama sinia kwa muda. "Basi usimwambie daktari nimeuliza," akasema. "Ni mtu mzuri."

Huo ndio ugonjwa ambao sijawahi kuupatia jina, wa watu kumshukuru anayewaumiza kwa sababu aliwaumiza kwa adabu. Nilimdharau Wandera, na niliwadharau kidogo waliokaa kwenye benchi lake, na katika ujana wangu nilidhani dharau hiyo ni sawa na ujasiri. Nilikula omena wa Mama Rose nikiwa nimekunja uso, nikaandika makosa yake yote kwa siri nyuma ya daftari, nikajiona mtu safi.

Mwaka wangu ulipokaribia kwisha kidole kikaugua. Kwanza alikuwa akikipuliza puliza akiwa kazini. Kisha nikakiona vizuri siku moja tukila: pembeni ya ukucha wa kidole cha shahada, nyama ilikuwa nyekundu, imevimba, na juu yake vilengelenge vidogo vitano au sita vimekaa pamoja kama mayai ya samaki, maji yake yakiwa maangavu. "Kucha imeingia," alisema. Alichukua sindano, akaipitisha kwenye moto wa kiberiti, akatoboa. Nilijua hakikuwa kitu cha kutoboa. Jipu la kweli lina usaha na linakaa peke yake. Hivi vilikuja kundi, na katika vitabu vya meno vina ukurasa wao, kwa sababu madaktari wa meno wa zamani waliofanya kazi mikono mitupu ndio waliovipata sana. Ni herpesi ya kinywani iliyohamia kidoleni, na kidole chenye kidonda hicho huirudisha kinywani, kwa mwingine. Nilisema, "Daktari, hii si ya kucha. Ungepumzika wiki mbili." Alikifunga plasta. "Nikipumzika, wewe ndio utang'oa kwa macho?" Mama Rose akacheka kwa kunong'ona, mimi nikaongezewa ugali. Mchana ule alimaliza benchi lote. Alipofika kwa mgonjwa aliyekuwa na ufizi uliovimba, alibandua plasta, kwa sababu plasta ilikuwa inazuia kidole kuona.

Nje ya lango la uwanja wa malori kulikuwa na mwanamke aliyewauzia madereva chai na mandazi, Mama Nabwire. Mtoto wake, Nabwire, alikuwa anakaribia miaka mitatu, na alikuwa na tabia ya kutuingilia kliniki bila kubisha, akapanda kiti cha meno na kupanua kinywa bila kuombwa, kwa sababu alikuwa amewaona watu wazima wakifanya hivyo na aliona ni mchezo mzuri. Wiki ile ya kidole alianguka kwenye jiwe la jiko akagonga jino la mbele. Mama yake alimleta akivuja damu. Mimi nilimshika kichwa. Wandera alibandua plasta, akafumba macho, akapapasa ufizi wote wa yule mtoto, juu na chini, polepole, akatangaza kwamba jino litashika. Na lilishika kweli. Mama Nabwire alituletea birika la chai ya tangawizi na mandazi ya moto, tukanywa sote watatu tukiwa tumesimama.

Baada ya siku sita alirudi naye mgongoni. "Hakuli, hanywi, anatoa mate tu," alisema. "Usiku ni joto, mchana ni joto. Jirani anasema meno ya plastiki, nimpeleke ng'ambo kwa mzee wa kutoa." Nilimkalisha. Ufizi wake wote ulikuwa umevimba na kuwa mwekundu unaong'aa, wa juu na wa chini, na ulitoa damu nilipougusa kwa shashi. Kwenye kaakaa na kwenye ncha ya ulimi vidonda vidogo vya duara vilikuwa vimeungana, na viwili vitatu vilikuwa vimetoka nje, pembeni ya mdomo. Nilifuta, hakikutoka cheupe chochote. Nilimvua soksi, nyayo zilikuwa safi. Tezi za shingoni zilijaa mkono wangu. Ilikuwa herpesi ya mara ya kwanza, ile inayompiga mtoto ambaye mwili wake haujawahi kukutana nayo, na ilikuwa mbele yangu kama ilivyo kwenye kitabu, haikupungua hata nukta. Siwezi kuapa kwamba ilitoka kwenye kile kidole. Virusi hivyo vimo kwa watu wengi, na mtoto huweza kuvipata kwa busu la shangazi ambaye kidonda cha homa kimemtokea mdomoni. Lakini nilihesabu siku, na siku zilitosha.

Nilimwambia mama asimpeleke kwa mzee wa kutoa, kwamba hakuna jino la plastiki duniani, ni meno machanga tu ambayo wazee wale huyachimba ufizini kabla hayajaota. Hilo nililisema, na nashukuru nililisema. Nilikuwa nataka kuendelea, nimwambie ampe maji baridi kwa kijiko, ampe dawa ya homa, na zaidi ya yote amfunge vidole, asije akatoa mate kinywani akajipaka machoni. Wandera akaingia. Alipapasa. "Fangasi," alisema. "Na meno yanaota." Akachukua pamba, akaichovya kwenye dawa ya zambarau, akapaka ufizi, ulimi, kaakaa na midomo, mpaka kinywa chote kikawa rangi moja na hakuna daktari mwingine yeyote ambaye angeweza kusoma lolote pale ndani. Mtoto alilia zambarau. Mama yake alimshukuru. Mimi nilikuwa bado nimeshika soksi.

Siku nne baadaye, Jumatano, jicho la kulia la mtoto lilikuwa jekundu. Wandera alitoa kwenye droo tyubu ya dawa ya macho aliyoinunua Tororo. "Paka mara tatu kwa siku, mama. Itakauka." Walipoondoka nilichukua tyubu nyingine ya aina ileile iliyobaki kwenye droo, nikasoma maandishi yake madogo nikiwa nimeyasogeza dirishani. Ilikuwa na steroidi. Hata mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anajua kwamba herpesi ikiingia jichoni, dawa hiyo ni kama kuifungulia mlango na kuikaribisha kiti. Wekundu unapungua kidogo, mama anafurahi, na chini yake kioo cha jicho kinaliwa. Niliibeba tyubu hadi chumba cha mbele, ambako Wandera alikuwa anakula. "Daktari, hii dawa haifai lile jicho. Mtoto apelekwe Busia leo, kwa daktari wa macho." Hakukasirika. Alimung'unya, akameza, akajifuta mikono, kidole kikiwa tayari kimepona na kuacha ngozi nyororo ya waridi. "Perpetua," akasema, kwa ile sauti aliyowatulizia madereva, "kitabu chako cha mafunzo kiko wapi?" Nilisema kiko kwenye begi. "Ninakisaini Ijumaa ya wiki ijayo, si ndio? Mwaka mzima, kila ukurasa?" Nikasema ndio. "Kula basi, ugali unapoa."

Nikala. Naandika hivyo kwa sababu katika miaka yote iliyofuata nimekuwa nikisimulia kisa hiki kwa wanafunzi wangu, na kila mara naruka hapo. Naeleza kidole, naeleza glavu, naeleza dawa ya zambarau, darasa linacheka, darasa linasikitika, na Wandera anatoka akiwa mpumbavu na mimi natoka nikiwa shahidi. Siwaambii kwamba kutoka Jumatano ile hadi Ijumaa ya pili ni siku tisa, na kwamba zote tisa niliingia kazini saa mbili asubuhi, nikapita mbele ya jiko la Mama Nabwire, nikamsalimu. Siku ya tatu nilimsikia kupitia ukutani akimweleza Mama Rose, "Sasa hataki mwangaza. Anajifunika na leso yangu siku nzima." Mama Rose akanong'ona kwamba dawa kali huanza kwa kuumiza. Mimi nilikuwa upande wa pili nikipanga vioo vya kuangalilia meno, nikavipanga mara mbili. Siku ya sita alisema, "Kuna kitu cheupe katikati." Nilijiambia pengine ni dawa iliyobaki. Mimi, niliyejua kusoma kaakaa kwa mstari wa rula, nikajiambia pengine ni dawa. Hakuna mtu aliyenifunga mdomo. Ilikuwa hatua arobaini kutoka mlango wetu hadi jiko lake.

Ijumaa Wandera alisaini. Alikaa mezani kwa Mama Rose akafungua kurasa zote, akaandika jina lake kwa mwandiko wa madaha, na mwishoni akaongeza kwamba mimi ni mwenye bidii na utiifu. Nilifunga kitabu, nikakiweka ndani ya begi, nikafunga zipu, ndipo nikatembea zile hatua arobaini. Nilimwambia Mama Nabwire kila kitu kuhusu tyubu. Nilimwambia aitupe, na kesho asubuhi tuende pamoja Busia. Sikumwambia nilijua tangu lini, na hakuuliza. Daktari wa macho aliinua kope la mtoto, akatazama kwa taa yake, kisha akaizima. Kovu lilikuwa katikati ya mboni. "Mngekuja wiki moja nyuma," alisema, na hakusema kwa ukali. Tukiwa tunatoka Mama Nabwire alinishika mkono kwa mikono yake miwili. "Mungu akubariki, dada. Wote walikuwa wananipakia mtoto rangi tu. Ni wewe umeniambia ukweli." Alinipa mandazi manne kwenye gazeti. Niliondoka Malaba Jumatatu, na yale mandazi nilimpa mtu nisiyemjua.

Basi nilikuwa Khunyangu, chini ya hema, nikiwadharau wote, kwaya, fulana, na mzee mmoja aliyekuwa akionyesha pengo lake kwa fahari kwamba aling'olewa na marehemu bila sindano. Watu walikuwa wameanza kupanga foleni ya chakula. Mwanamke kijana alinijia kutoka ubavuni, amevaa sketi ya ofisi na viatu vya heshima, ameshika mtoto wa kike wa miaka kama sita. Alisimama akageuza kichwa kidogo ili anione, na kabla hajasema lolote nilishajua ni nani, kwa sababu jicho la kulia lilikuwa na wingu katikati.

"Samahani, ni wewe Daktari Perpetua? Nimesikia wakikutaja na spika." Alicheka kwa aibu. "Mimi ni Nabwire. Wa Mama Nabwire wa chai, pale Malaba. Nimeolewa hapa Butula, lakini nafanya clearing ya mizigo Busia." Nilimuuliza habari za mama yake. "Alituacha mwaka jana. Alikuwa anakutaja mpaka mwisho. Anasema watu wote walikuwa wanampakia mtoto rangi, ni Perpetua peke yake alimwambia ukweli. Bila wewe ningepoteza macho yote mawili." Kisha akamsukuma mtoto mbele kwa bega. "Huyu ndio majina yako. Perpetua Nekesa. Mama mwenyewe ndio alimpatia hilo jina. Petu, salimia majina."

Mtoto hakusalimu. Alipanua kinywa wazi kabisa, akaelekeza kidole kwenye jino la mbele la chini lililokuwa linacheza, akangoja, kama mama yake alivyokuwa akipanda kwenye kile kiti na kungoja. Kinywa kilikuwa safi, ufizi wa waridi, kila kitu mahali pake. Mikono yangu niliiweka nyuma.

"Nabwire," nilisema, "mimi nilijua kabla ya ile siku nilimwambia mama yako."

"Ulijua nini?"

"Kwamba dawa ilikuwa inaharibu jicho. Nilisoma tyubu siku ileile mlipopewa."

Mtoto alikuwa bado amepanua kinywa. Kwenye kipaza sauti mtu mwingine alikuwa ameanza tena habari za mikono. Nabwire aligeuza kichwa chote, taratibu, ili jicho lake zima linipate vizuri.

"Siku ngapi kabla?"

"Tisa."

"Ulikuwa unangoja nini?"

"Sahihi ya huyu." Nilielekeza jeneza kwa kidevu. "Kwenye kitabu changu cha shule."

Alitikisa kichwa kidogo, kama mtu wa ofisi aliyeletewa karatasi ambayo haikukamilika. "Mama alikufa akikuombea," alisema. "Kila siku. Anaanza na wewe ndio anakuja kwetu watoto." Nilisubiri anitukane. Ningelipokea tusi lolote, nililijua hata neno ambalo ningelitumia mimi. Aliinama akamfunga mtoto kinywa kwa vidole viwili, kwa upole, akaniambia, "Haya, daktari. Safari njema," akamshika mkono wakaondoka kuelekea kwenye viti vya jamaa wa mumewe.

Mtoto alijinasua njiani akakimbilia kwenye sufuria za wali. Nilimsikia mama yake akimwita juu ya kelele zote za kwaya, kwa sauti kavu iliyofika hadi nilipokuwa nimesimama.

"Nekesa! Wewe Nekesa, njoo ukae hapa."